Maoni ya Daktari Kuhusu Bastola Mpya

Siku yangu ya kwanza katika klabu ile ya shabaha, nje kidogo ya Dubai, Meneja alinikabidhi ufunguo mmoja na kubaki na mwingine. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache.

"Kabati la silaha halifunguki bila funguo mbili," aliniambia. "Wako na wangu. Ukikataa kuzungusha wako, hata mimi siingii."

"Sawa, sir," nikajibu, nikauvaa shingoni. Nilikuwa nimetunza ghala la silaha la serikali huko kwetu Kenya miaka kumi na minne, kwa hiyo utaratibu huo haukuwa mgeni kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanachama wenye vibali waliacha bastola zao kwetu. Mwanachama akifika anatia sahihi, nampa silaha yake ikiwa wazi ili aone mwenyewe kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Akimaliza anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, anatoa risasi zilizobaki, kisha mimi naingiza kidole kidogo ndani ya chemba kuhakikisha. Nilifunzwa kutumia kidole kwa sababu macho huona yanachotarajia kuona. Kwenye mstari wa kulengea shabaha alisimama mwenzangu Salum, Mzanzibari mpole ambaye hakuna mwanachama aliyethubutu kumbishia.

Mwaka wangu wa tatu ikaja bastola mpya. Ilikuwa ndogo, inatosha kiganjani, chuma chake kimeng'arishwa vizuri na bei yake si ya mtu wa kawaida. Mwenye klabu, ambaye sote tulimwita Arbab, yaani bwana mkubwa, alitaka kuwa wakala wake. Msambazaji akaleta tatu za majaribio na kuomba maoni ya wenye silaha. Kila mwanachama apige risasi thelathini, ajaze fomu, na maoni yachapishwe kwenye kijitabu cha mauzo. Kukusanya fomu kukawa kazi yangu.

Nilizisoma zote. Mfanyabiashara mmoja aliandika kwamba ni kama saa nzuri ya mkono, unatamani kuitazama tu. Madam mmoja, aliyelenga vizuri kuliko wanaume wengi pale, alisema kishikio ni kifupi na kidole chake cha mwisho kinaning'inia hewani. Rubani mmoja alilalamika kwamba ni nzuri mno, ataogopa kuikwaruza. Wengi walisifu jinsi inavyotulia mkononi.

Halafu kulikuwa na fomu ya Daktari. Alikuwa daktari wa meno, Mhindi aliyezeekea Dubai, mwenye kliniki mtaa wa Karama, juu ya mkahawa. Aliandika: "Nilishusha kitufe cha usalama ili nianze kupiga. Risasi ikatoka kabla sijagusa kifyatulio."

Nilikuwepo siku hiyo. Risasi ilipiga sakafu hatua chache mbele yake, na mstari mzima ukasimama.

"Daktari, kidole chako kilikuwa wapi?" Meneja alimwuliza.

"Nje."

"Una hakika?"

Daktari aliutazama mkono wake. "Nilidhani nina hakika," akasema.

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maelezo ya mtunza silaha. Meneja akiwa amesimama nyuma yangu, niliandika: "Kosa la mtumiaji. Mikono inatetemeka." Nakala moja ikaenda kwa Daktari.

Wiki tatu baadaye Salum aliingia ghalani, akafunga mlango.

"Bi Mumbua, ile bastola mpya imetaka kumfyatukia yule madam leo," alisema. "Kashusha kitufe, nikasikia nyundo imeanguka. Bahati chemba ilikuwa tupu. Na kidole chake nilikuwa nakitazama, kilikuwa mbali."

Tuliichukua ikiwa tupu, nikawa napandisha kitufe na kukishusha huku Salum akihesabu. Mara ya ishirini na tatu nyundo, kile chuma kinachogonga risasi, ikaanguka yenyewe. Ikaanguka tena mara moja kabla hatujafika mia. Nilikumbuka maneno niliyoandika kwenye fomu ya Daktari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja.

"Mara ngapi katika mia?" aliuliza.

"Mbili, sir."

"Basi mara tisini na nane iko sawa. Kesho msambazaji anakuja na wageni kutoka hoteli moja ya mtaa wa Garhoud, na Arbab atapiga risasi mwenyewe mbele yao. Andika ripoti yako baada ya kesho." Akanitazama. "Visa yako inaisha lini, Mumbua?"

"Mwezi ujao, sir."

"Haya," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kesho yake alasiri wageni walikuwa wamekaa na vikombe vya kahawa. Meneja aliingiza ufunguo wake kabatini, akauzungusha, akaningoja. Mkono wangu ulikuwa kifuani, umeushika wangu.

"Mumbua."

"Siwezi, sir."

"Zungusha."

Salum alitazama sakafu. Hapo Arbab akaingia, na binti yake wa miaka kama kumi na miwili ameshika vizibo vya masikio.

"Kuna nini?" Arbab aliuliza.

"Dakika moja tu," Meneja alisema. "Huyu mama amechoka."

Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Arbab, bastola hiyo inaweza kufyatuka yenyewe. Naomba uione kwanza kwenye mchanga. Na mtoto atoke."

Alimtazama Meneja, akanitazama mimi. Kisha akamwashiria Salum amtoe binti. Nikazungusha ufunguo.

Niliweka risasi moja, nikaelekeza mtutu kwenye pipa, nikashusha kitufe. Kimya. Nikapandisha, nikashusha. Kimya. Nilifika mara kumi na mbili, jasho likiteleza kwenye kishikio, na nyuma yangu msambazaji akacheka taratibu.

"Lete," Meneja alisema.

Aliishika kama mwanajeshi hasa, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, kila mtu anakiona. Akashusha kitufe, kimya. Akapandisha na kushusha tena huku ameanza kumgeukia Arbab amwambie neno. Risasi ikalia. Mchanga ukaruka hadi kwenye kandura, ile kanzu nyeupe ya Arbab, masikio yakavuma. Meneja alikitazama kidole chake. Kilikuwa bado kimenyooka.

Arbab akajipangusa. "Khalas, basi," alisema. "Zirudi zote zilikotoka."

Meneja hakunigombeza wala hakunishukuru. Mwezi uliofuata alitia sahihi karatasi zangu za visa bila kuinua macho.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi hadi Karama. Nilimkuta Daktari akipanga vifaa vyake kwenye maboksi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Ilifyatuka yenyewe?" aliuliza.

"Mikononi mwa Meneja. Kidole kikiwa nje."

Akaketi. "Miaka thelathini na moja nang'oa meno ya watu. Tangu siku ile, kila asubuhi nikiinua mikono naiona inatetemeka. Wagonjwa nimewapeleka kwa daktari mwingine." Akainyoosha juu ya meza, tukaitazama sote wawili. "Nani aliandika yale maneno?"

"Ni mimi, Daktari."

Aliikunja mikono yake. "Ungeniuliza mara ya pili ningekujibu vilevile," alisema. "Hakuna aliyeniuliza mara ya pili."

Kliniki ile haikufunguliwa tena, na klabuni hakurudi.

Sasa nimestaafu, niko Machakos. Vijana wanaokwenda kufanya kazi za ulinzi Ghuba hunitembelea, na wanapenda niwasimulie habari ya Arbab na mchanga. Nawasimulia. Lakini siku hiyo watu wote walikuwa wakinitazama, na sheria ya kabati ilikuwa upande wangu. Siku ya fomu nilikuwa na kalamu tu. Mzee mwenye akili zake alikuwa ameniambia jambo la wazi, nami nikaandika kile bosi wangu alichotaka kusoma. Kumwuliza tena alisimama vipi, kidole kilikuwa wapi, alisikia nini, kungenichukua dakika tano.