Mto wa Nyuma ya Reli

Nilikunywa maji ya kijito cha Gerezani. Jambo hili nimelikana mbele ya mama yangu, mbele ya daktari aliyenipa dawa ya minyoo, na mbele ya mume wangu aliyedhani ameoa mtoto wa mjini. Leo nakiri, maana nyinyi mliokulia Kariakoo enzi zile mtanielewa, na wengine mliyanywa pia.

Wakati ule hatukupelekwa matembezi. Ukitoka shule unavua viatu visichakae, unapita kati ya magunia ya dagaa, unavuka karakana zinazonuka grisi, halafu nyuma ya ukuta wa reli unasikia maji. Mtu mzima angekiruka kile kijito bila kukunja kanzu. Kwetu kilikuwa mto. Mama, aliyeshuka kutoka Kilimanjaro kuja kufungua duka, alikiita mtaro. Alikuwa na kipimo kimoja tu: "Maji yasiyouma meno si maji, ni mchuzi." Mfereji wa kwao mlimani uliuma meno. Kwa hesabu hiyo, Dar nzima haikuwa na maji.

Kipimo chetu sisi kilitoka kwa Jyoti, rafiki yangu wa ghorofa ya juu, ambaye baba yake aliuza vitambaa. Kabla ya yeyote kutia mguu, Jyoti aligeuza jiwe. Wakionekana uduvi wadogo, wale unaowaona hadi matumbo kama wametengenezwa kwa kioo, alitangaza: "Mto mzima!" Tukaingia hadi magotini. Wakiwapo watoto wa kereng'ende tu, wenye macho makubwa na sura ya mwalimu wa zamu, mto una mafua. Ruksa kunawa miguu. Tukikuta vile vijidudu vyekundu vinavyojinyonganyonga kama tambi, basi mto unaumwa, twendeni tukacheze rede.

Kwao Jyoti hawakuua kiumbe chochote, kwa hiyo kila kilichokamatwa kilirudi kilipotoka. Aliyeleta chupa alifokewa: "Mrudishe kwenye jiwe lake! Wewe ukitolewa kwenu utapenda?" Kisha hasira zikiisha alichomoa kachori mfukoni, zimepondeka, zina pilipili ya kumliza mzee.

Siku moja pilipili hiyo ilinizidi. Nikainama pale maji yanapochuruzika chini ya ukuta, kivulini, nikanywa. Yaliuma meno! Nilikimbia nyumbani na habari kubwa kuliko zote za utoto wangu, na mlangoni nikagundua siwezi kuisema bila kujichongea. Mama alitazama gauni langu lililolowa.

"Nimemwagikiwa na maji ya bomba," nikasema.

"Bomba la wapi, Manka? Leo maji yamekatika mtaa mzima."

Nimeshikilia bomba hilo hadi uzeeni. Naye mama ameishi miaka yote hiyo akiamini kwamba aliyaacha maji mlimani.

Sasa kijito kina kesi. Wafanyabiashara wanataka kifunikwe kwa zege wapate nafasi ya vizimba. Sisi wachache tunataka kiachwe. Mwenyekiti wa mtaa akaamua: kama ni mto wenye uhai, kitabaki wazi, kama ni mtaro, zege. Kazi ya kupima alimpa Neema, binti wa kaka yangu anayesomea mazingira chuoni, pamoja na wenzake.

Vijana wa leo! Walikuja na glavu za kufika kwapani, mashine yenye waya, na simu tatu za kuipiga picha mashine. Sisi tuliingia na miguu, na miguu ndiyo ilikuwa mashine. Wakapima upande wa barabara ya mwendokasi, penye matairi na chupa.

"Shangazi, huu umekufa," Neema aliniambia jioni. "Oksijeni karibu hakuna. Na zile tambi za hadithi zako za utotoni ndiyo usiseme."

"Mmegeuza jiwe kule juu, chini ya ukuta?"

"Jiwe tena, Shangazi? Tuna mashine."

Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijageuza jiwe tangu nipate shahada. Nikamweleza mahali penyewe, na kwa nini napajua. "Ila usimwambie bibi yako."

Usiku ule niliwaza. Zamani mto uliumwa, ukapona, ukaumwa tena, nasi tulijua siku ileile. Leo tuna vipimo vya kila kitu, na kijito kinaweza kufa nyuma ya ukuta tusikose hata usingizi.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwa mama, tunamenya ndizi za mtori. Simu ikaita. Mikono ilikuwa na utomvu, nikaiweka spika mezani.

"Shangazi! Uduvi! Wale wa kioo, palepale ulipokunywa maji!"

Kisu cha mama kikasimama.

"Umewarudisha?" nikauliza.

"Kwenye jiwe lao. Picha ninazo, nampelekea mwenyekiti."

Mama alinitazama kama alivyolitazama lile gauni. Kisha akaiinamia simu.

"Neema."

"He! Bibi, upo? Shikamoo."

"Marahaba. Hebu tia mkono hapo. Yakoje?"

Tukasikia maji.

"Mh! Bibi, vidole vinakufa ganzi."

Mama akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya.

"Basi mwambie mwenyekiti wenu huo ni mto."