Furushi la Papa Njia ya Uswisi

Nasema bila kuona haya: katika vijana wa mtaa wetu tuliotoka Unguja kwenda Landani miaka ya tisini, wa kwanza kumtembeza mkewe Ulaya kwa treni ni mimi. Wenzangu walinunua magari. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya mabasi Stratford, nina stashahada ya uhasibu niliyoisomea jioni baada ya kazi, na mke wangu ndiyo kwanza amefika nyumbani kwangu Barking tangu tuoane. Nilimuuliza anataka kuona nini.

"Mlima wenye theluji," akasema. "Lakini karibu, si wa kwenye kalenda."

Nikamwahidi Uswisi. Viza nilizishughulikia mwenyewe, tiketi mwenyewe. Tulikuwa na wiki moja tu, maana Jumatatu yake alikuwa anaanza kazi ya kutunza wazee.

Safari kama hiyo haifichwi. Niliitangaza kwenye harusi ya jamaa, ukumbi umejaa. Nasi watu wa Unguja tukisikia mtu anasafiri, hatumuulizi anakwenda kutazama nini. Tunamuuliza anapitia wapi. Nikasema Paris, kisha Brussels. Kesho yake jirani yetu, mama wa makamo, akaja na furushi la papa mkavu.

"Mpelekee dada yangu Brussels. Mkononi, usimwachie mtu."

Katika treni ya chini ya bahari furushi lilinuka kabla hatujatoka Landani. Bwana mmoja mwenye tai alihamia kiti cha mbele, kisha behewa jingine.

"Watadhani tumebeba maiti," mke wangu akaninong'oneza.

"Waache. Nauli nimelipa kama wao."

"Basi lipakate wewe uliyelipa."

Paris tulitembea mpaka miguu ikavimba, tukapiga picha chini ya mnara wa chuma, na furushi likalala nje ya dirisha la hoteli. Siku ya kwenda Brussels nilikuwa na mpango safi: kukabidhi mzigo mlangoni, kisha treni ya saa saba mchana kwenda Basel. Tukiikosa tungelala Ubelgiji, na siku zilizobaki zisingetosha kufika milimani na kurudi. Mke wangu alilijua hilo. Njia nzima alitazama saa.

Mwenye mzigo alitupokea kwa machozi. Alilinusa furushi, akafumba macho. Nikaanza kuaga.

"Mnaaga?" akasema. "Mmeniletea papa wa dada yangu, halafu mtoke humu na njaa? Akipiga simu nimwambie nini? Vueni viatu."

Akaroweka papa, akabandika wali. Nilimweleza habari ya treni kwa adabu zote, hata ratiba nikamwonyesha.

"Treni zipo kila siku, mwanangu."

Mke wangu akanitazama, akaingia jikoni kumsaidia. Nikamsikia akikoroga tui na kuzungumza taratibu.

"Mama, mimi sijakaa fungate. Tulioana, akarudi kazini huku, mimi nikabaki nyumbani nasubiri viza. Fungate yangu ndiyo hii. Ameniahidi mlima, na Jumatatu naanza kazi."

Kisha yule mama akatokeza kichwa sebuleni.

"Wewe bwana, mbona hukusema nyinyi ni maharusi?"

"Nilisema treni."

"Treni ndiyo nini? Maharusi chakula hupelekewa walipo. Hawakai kungoja sufuria ya mtu."

Akaupakua wali hivyo hivyo, mchuzi ukatiwa kwenye kopo la plastiki, papa bado mgumu kidogo. Akavaa koti juu ya kanga na kutusindikiza mpaka stesheni, chakula kakibeba mwenyewe, hataki kupokewa. Mlango wa behewa ulikuwa karibu kufungwa alipomkabidhi mke wangu.

"Mlishe na huyo mumeo," akamwambia, "anajua maneno mengi, lakini mwembamba."

Tulilala Basel. Asubuhi treni ndogo ikatupandisha, na mlima ukasimama mbele yetu, mweupe, mkubwa kuliko nilivyomwahidi. Nilikuwa tayari kupongezwa. Mke wangu alipita mbele yangu, akainama, akachota theluji kwa mkono mtupu na kuionja.

"Haina ladha yoyote," akasema, akachota tena.