Paswadi ya Mzee wa Busiu

Nilifanya kazi miaka mitatu katika duka la kupiga chapa pale Jinja mjini, chini ya baraza la mojawapo ya yale majengo ya zamani ya Wahindi, na karibu miaka yote mitatu sikuijua paswadi ya kompyuta yetu. Tulikuwa wawili tu: mimi na mzee mwenye duka, mtu wa Busiu, kule upande wa Mbale, aliyehamia Mafubira, nje kidogo ya mji, na mkewe. Kompyuta ilikuwa moja, tukipokezana. Kila alipoinuka, hata kama anatoka barazani tu kumsalimu mtu, vidole vyake viligonga vitufe viwili na skrini ikafungwa. Akienda msalani, mimi nimekaa palepale na kazi ya mteja mkononi, inafungwa. Nabaki nimekunja mikono mpaka arudi.

Sababu alinipa siku ya kwanza. Walimu walituletea mitihani waliyoiandika kwa mkono, nasi tukaichapa. "Mitihani ya watu hiyo," alisema. Nilimwelewa, lakini iliniuma. Mimi ni binti wa Wanubi, na kwetu watoto wa shule wamejaa mpaka mlangoni. Nilidhani kila akiniangalia anawahesabu mmoja mmoja.

Basi nikawa namtania. "Mzee, siku ukifa tukuzike na kompyuta?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akafunga.

Sasa nafundisha Mbale, na kompyuta ya ofisi yetu hufunguka kwa kuguswa na kidole tu. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini ninazikumbuka zile asubuhi kwa uchungu mtamu: karatasi zikitoka printani zina joto bado, mzee akipuliza chai kwa kelele, na mimi nimenuna kwa sababu amenifungia tena. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha.

Mwaka wa tatu niliomba nafasi ya ualimu katika chuo kimoja cha Mbale. Walitaka kurasa mbili za kujieleza, zilizopigwa chapa. Niliziandika kila jioni wateja wakiisha, na mzee mwenyewe akanisahihishia. Tulipotaka kuzitoa, wino wa printa ukawa umekwisha, na mpya ulifika Ijumaa asubuhi. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na dirisha la kupokea maombi lilifungwa saa tisa alasiri. Mzee hakuwepo. Jana yake alipata habari ya msiba wa baba yake mdogo, akakimbilia Busiu. Alisahau kofia, alisahau hata chai yake mezani, lakini vidole havikusahau kufunga.

Nilijaribu jina la kijiji chake. Nikajaribu watoto wake wote, kisha baiskeli yake. Kompyuta ikakataa kila kitu. Saa tatu simu yangu ikalia. Alikuwa ananipigia kutoka kibanda cha simu pale Busiu.

"Mama, nimekufungia," alisema. "Nimekumbuka sasa hivi."

"Haya mzee, nitajie nifungue."

Nikasikia magari ya Tororo yakipita.

"Ile neno mimi siwezi taja. Ni jina ya mama ya bibi yangu."

Kwao, mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hakai naye chumba kimoja, hali chakula mbele yake. Nilijua hayo, lakini saa nazo zilikuwa zinakwenda.

"Basi nipe herufi moja moja."

"Herufi zote zikikaa pamoja, si ni yeye?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nilimwambia hanitakii mema, anataka nizeekee kwenye kiti chake, na miaka yote hiyo ameniona mwizi. Alingoja nimalize.

"Enda Mafubira, uliza bibi," alisema taratibu. "Yeye atataja. Enda haraka, mama."

Nilichukua bodaboda. Mkewe nilimkuta anaanika mahindi uani. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yangu alikuwa akija hapa, huyu mtu anatokea mlango wa nyuma! Kumbe anamwandika kila siku?" Kisha akajifuta macho kwa ncha ya vazi lake la gomesi, maana mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akanitajia jina, akanitaka nilirudie mara mbili ili nisikosee.

Kompyuta ilikubali. Nikatoa kurasa zangu, nikapanda gari la Mbale, nikafika dirishani karani akiwa ameanza kukusanya mafaili. Alizipokea bila hata kuniangalia usoni. Nafasi niliipata.

Mzee alirudi Jumatatu, akanikuta nimeshafungua mwenyewe na ninachapa. Nilisimama, nikamwomba radhi kwa yale ya kwenye simu. Alipunga mkono, akatafuta kikombe chake. Bado kitu kilikuwa kinanisumbua.

"Lakini mzee, maneno yamejaa duniani. Kwa nini ulichagua hilo?"

Alikaa kitini kwanza.

"Walimu waliniamini. Na wewe kwenu watoto wengi. Siku moja mmoja angeogopa kuanguka mtihani, ungekuja hapa na machozi." Akaitazama skrini, hakunitazama mimi. "Jina ingine yote, mama, wewe ukiniomba, mimi ningekupa."