Yadi Tatu za Krimplini

Sikumpenda Mauza binti Salem, na wala simpendi mpaka leo, kwa hiyo anayetaka kusikia nikimsifu akatafute mtu mwingine. Nitasema alivyokuwa, basi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali, na alikuwa fundi cherehani bora kuliko wote niliowahi kuwaona Kariakoo. Yote mawili ni kweli, na hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Alipanga Mtaa wa Narung'ombe, chumba cha kwanza kushoto ukiingia. Kwao Pangani. Aliletwa Dar na mume, mume akaoa mwingine, akampa talaka, naye akabaki na kitanda na cherehani ya miguu. Watoto hakujaliwa. Kaka yake, Sheikhan, alimwandikia kila mwaka arudi Pangani akamsaidie mkewe kulea watoto, na kila mwaka Mauza aliichana barua mbele ya wateja.

"Nikawe yaya wa mke wa kaka yangu? Bora nifie hapa hapa kwenye kiti hiki."

Miaka kumi na tisa alikaa mjini kwa jasho lake, bila kumwomba mtu hata chumvi.

Na kazi aliipata, maana miaka ile kuvaa kulikuwa taabu. Ukibahatisha gauni dukani, limeshonwa kwa kipimo kimoja, kana kwamba huko kiwandani walimwona mwanamke mmoja tu wakaridhika. Mwembamba linamning'inia, mnene linamkaba kwapani. Kafaulaya, yaani nguo za mitumba zilizouzwa kichinichini, nazo zilishonewa watu wa kwao huko, warefu, wasio na makalio. Ndiyo maana tulikwenda kwa Mauza na vitambaa vyetu vya kuungaunga, na wengine tulikwenda huku tunamchukia.

Daftari la vipimo hakuwa nalo. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa katani, na kwenye uzi mafundo: mabega, kifua, kiuno, nyonga. Nyuzi zilijaa kwenye kopo la maziwa, mamia, hazina jina wala alama, na yeye peke yake ndiye aliyejua upi wa nani. Anakuingiza nyuma ya pazia, unavua, unabaki na khanga, anakuzungusha kama mnunuzi wa mbuzi, halafu anakwambia ukweli wako. "Shingo yako fupi, kola ya nini? Utaonekana umemezwa." "Wewe kifua umepewa, miguu umenyimwa, tuteremshe pindo." Ukitoka nyuma ya pazia, yamekwisha. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Mauza akiutaja mwili wa mwanamke barazani.

Mimi aliniambia, "Mama Theophil, mbele tumbo, nyuma hakuna kitu. Umenyooka kama ubao."

Kwa bahati mbaya chumba kilikuwa kidogo na pazia jepesi, na kwenye mkeka upande wa pili alikuwa amekaa wifi yangu Agnesi, dada mkubwa wa mume wangu Kasmir, anasubiri zamu yake. Agnesi alicheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo nikawa Ubao. Jikoni Ubao, msibani Ubao, tukienda kwa wakwe Moshi Krismasi, Ubao huyo kaja. Kasmir mwenyewe alisikia akacheka, halafu akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hakuwa amekiona. Mauza hakulirudia neno lile hata mara moja. Aliyelibeba ni Agnesi. Lakini Agnesi alikuwa wifi yangu, siwezi kumvimbia, kwa hiyo chuki yote nikampelekea Mauza.

Basi mwaka 1983 mdogo wao wa mwisho, Severa, akapata mchumba, na mawifi wakaamua sare. Wanawake tisa wa ukoo, nguo moja, rangi moja. Kibali cha kitambaa kwa ajili ya harusi kilitafutwa miezi miwili, likapatikana jora moja la krimplini ya zambarau, yadi thelathini. Agnesi akagawa: yadi tatu kila mmoja, na tatu zilizobaki za vitoto viwili vya kushika maua. Nikatumwa mimi kulipeleka jora kwa Mauza, kwa kuwa duka letu lilikuwa karibu, Mtaa wa Swahili.

Siku ya pili nikarudi kwake peke yangu. Nilifunga mlango kwa ndani.

"Bi Mauza," nikamwambia, "nataka nyonga."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Nyonga haziuzwi, mama."

"Nitie za kushona. Nimechoka kuitwa Ubao, na aliyeanzisha ni wewe."

Hakuomba radhi, hakuwa na desturi hiyo. Alitafuna uzi, akafikiri. Nilikuwa nimechukua khanga kuukuu za kujazia ndani. Akazijaribu, zikateremka zikanikalia mapajani kama uvimbe. Akasema kinachoweza kukaa ni krimplini yenyewe, kwa kuwa ni ngumu, inashika umbo: tabaka juu ya tabaka, kwa ndani, kuanzia kiunoni, na nyuma vilevile. Lakini ingekula yadi tatu nzima, na yadi tatu ni za watoto wa maua.

"Kata," nikasema. "Mimi nitazungumza na Agnesi."

"Utazungumza naye?"

"Ni wifi yangu. Nitamwambia kitambaa hakikutosha, miili mingine mikubwa. Wewe kata."

Akakata. Mkasi ulilia kwenye ile krimplini na mimi nikafurahi, nasema kweli, nilifurahi sana.

Agnesi sikumwambia kitu. Kila nilipofungua mdomo niliona atakavyocheka, Ubao kajishonea makalio, na mdomo ukajifunga wenyewe. Nikasema nitamwambia kesho. Ikafika siku ya kuchukua nguo, Mauza akatoa magauni tisa, na la watoto halikuwepo. Agnesi akauliza, Mauza akanitazama, kisha akamjibu kwamba kitambaa kimekwisha. Nikainama nafunga kifurushi.

Harusi ile, mama wee. Mauza alikuwa amefanya mambo. Magauni tisa ya kitambaa kimoja na hakuna mawili yaliyofanana. Agnesi na kifua chake chote alikatiwa shingo ndefu ya chini, akaonekana mtu mwenye heshima badala ya gunia. Binamu yao mfupi alipewa mstari mmoja wa vifungo toka juu mpaka chini, akarefuka. Na mimi nilipoingia kanisani watu waligeuka. Kasmir alinishika kiuno ukumbini mbele za watu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Theophil azaliwe. Hakuna aliyeniita Ubao siku ile. Na watoto wawili wa maua walitangulia mbele ya bibi harusi na vigauni vyeupe vya kipaimara, kimoja kina doa la chai, na watu wa upande wa bwana harusi wakaulizana kulikoni.

Aibu ile Agnesi hakuimeza. Jumatano akawa kwa Mzee Abbasi, balozi wa nyumba kumi wa Mauza, anashtaki wizi wa kitambaa.

Sasa ujue wakati wenyewe. Ndio mwaka ule wa nguvukazi. Kila aliyekaa mjini alitakiwa aonyeshe kazi yake, na asiye na kazi inayojulikana arudi kwao. Mauza hakuwa na mwajiri wala leseni. Alichokuwa nacho ni ahadi ya Mzee Abbasi kwamba atamwandikia barua: huyu ni fundi, tunamfahamu, ni mwaminifu. Akiwa na barua, anabaki Kariakoo. Akikosa, ni Pangani, kwa Sheikhan na mkewe. Jambo hili mimi nililijua, alinieleza mwenyewe siku ya kunipima, huku pini zimo mdomoni. Asije mtu akaniambia sikujua.

Tuliitwa Jumapili, saa kumi alasiri, barazani kwa balozi. Mimi nilikaa upande wa Agnesi. Mauza alikuja na baibui lake limepigwa pasi, akakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka.

"Bi Mauza," akasema Mzee Abbasi, "ulipokea yadi thelathini?"

"Nilipokea."

"Magauni tisa, yadi ishirini na saba. Tatu ziko wapi?"

"Zimeshonwa."

"Kwenye nguo ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja yupi?"

Agnesi akadakia kwamba mafundi wote ndivyo walivyo, wanadokoa vitambaa vya watu, na huyu bila shaka ameshaziuza mahali. Akataka kopo la nyuzi liletwe. Likaletwa. Mzee Abbasi akachomoa uzi, akaushika mafundo, akauweka, akachomoa mwingine. Alikuwa mzee wa kupenda haki, namhurumia, lakini pale alikuwa kipofu.

"Mama, soma hizi," akamwambia Mauza. "Sema tu nani alizidi kipimo, yaishe. Barua yako hii hapa, nimekwisha kuiandika, imebaki sahihi yangu tu."

Akaionyesha. Ilikuwa kwenye karatasi ya mistari, imekunjwa mara moja.

Nikamtazama Mauza, naye akanitazama, na nikaona kwamba akisema neno moja, Agnesi atanipeleka ndani na kulipasua lile gauni pindo kwa pindo, na jioni ile ile habari iko Moshi. Nilimwomba Mungu amfunge mdomo. Namwambia Mungu, mfunge.

"Mzee wangu," akasema Mauza, "mimi mwili wa mteja siutaji."

"Hata kwa kukosa barua?"

"Ndivyo nilivyofanya kazi."

Mzee Abbasi akageuka kwangu. "Mama Theophil. Wewe ndiye uliyelipeleka jora. Unasemaje?"

Redio ya nyumba ya tatu ilikuwa inapiga muziki. Ningeweza kusema. Sikuwa na kisu shingoni, hakuna aliyenishika. Nilifikiria mkono wa Kasmir kiunoni mwangu.

"Mimi," nikasema, "nilimkabidhi yadi thelathini kamili."

Hakuna uongo hata kidogo katika maneno yale. Agnesi akapiga makofi mara moja na kusema, "Mmesikia." Mzee Abbasi akaichukua barua, akaikunja mara ya pili, akaitia mfukoni bila kuisaini.

Mauza alifungasha kwa siku tatu. Siku ya mwisho nilikwenda. Nilijiambia naenda kumwomba radhi, na njiani nilipanga maneno mazuri, na machozi kidogo yalikuwa tayari. Nilimkuta anafunga cherehani kwa magunia, wachukuzi wawili wanangoja na mkokoteni nje.

"Bi Mauza, umenifichia aibu yangu," nikaanza. "Sitasahau."

Hakuacha kufunga kamba.

"Usijipe umuhimu, mama. Sikukuficha wewe. Mimi nakwenda Pangani na cherehani. Wakisikia huko kwamba ni mwizi, watanipa kitambaa na watakaa hapo hapo wakinichunga, basi. Wakisikia kwamba nataja miili ya watu, hakuna mwanamke atakayevua khanga yake mbele yangu. Wewe hukuwa kwenye hesabu hiyo."

"Mimi nilitaka tu kusema..."

"Ulikuwa na pa kusemea. Jumapili, barazani. Sasa nipishe, watu wabebe mzigo."

Nikapisha. Machozi yakakauka yalipokuwa. Hapo ndipo nilipomchukia kweli, si kwa sababu ya Ubao. Angelia, angenitukana, angesema alinionea huruma, mimi ningepiga magoti, ningekwenda hata kwa Mzee Abbasi. Ndivyo ninavyojiambia. Aliondoka bila kuniachia njia ya kuwa mtu mwema, na mimi, kama ilivyo kawaida yangu, sikuitafuta.

Mwaka uliofuata Agnesi alisafiri Tanga kwa biashara ya nazi, akafika mpaka Pangani. Aliporudi alikuja dukani kwetu, akakaa kwenye gunia la maharage, akaomba maji.

"Wifi, unajua nimemwona nani? Yule mwizi wetu. Yuko uani kwa kaka yake, anafua nepi za mtoto wa mke wa kaka yake. Kakonda huyo. Nikamuuliza cherehani, akasema kaka ameiuza, bati la nyumba lilikuwa linavuja."

Kasmir alikuwa anapima sukari. Akaacha kupima, akasikiliza.

"Kwani mwizi apate nini kingine?" Agnesi akasema. "Au nasema uongo, wifi?"

Wote wawili wakanitazama.

"Kweli, wifi," nikasema, na nikaenda kumwongezea maji.