Jipu la Tata na Ufa Uliotobolewa

Harufu ya chuma kinachochomelewa ni kali, ukiivuta unahisi kama umelamba sarafu. Gereji ya Ta Ishengoma (“Ta” ni heshima yetu kwa mzee) pale Rwamishenye ilikuwa nyuma ya nyumba yake, na kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa, kilianza palepale gereji ilipoishia, kwa hiyo moshi wa chuma ulichanganyika na harufu ya ndizi mbivu na ya kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la tano, na ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka. Sasa niko kidato cha tatu, na mpaka leo nikipita mahali mtu anachomelea geti, nasimama. Marafiki zangu hufikiri nimeangusha kitu. Siwaambii, maana ukianza kueleza lazima umalize, na mimi kumaliza maneno mbele ya watu ni kazi.

Tata, yaani baba yangu, ni mwalimu wa hisabati, na jipu lile alilinunua likiwa tayari limezeeka kuliko yeye. Rangi yake ilikuwa ya kijani, au tuseme iliwahi kuwa ya kijani. Majirani zetu wa Nyanga walimtania bila kuchoka. “Mwalimu, jipu hilo halijaiva tu? Litumbue tupumzike!” Tata anacheka, anapiga honi ambayo ilitoa sauti ya bata mwenye mafua, anaondoka. Kila mwaka kahawa ikishavunwa, yeye na rafiki zake wawili wenye magari ya namna hiyo walikuwa wanakwenda Izigo, kwenye njia ya zamani ya kubebea mawe inayoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi ziwani. Si kwamba walikuwa na shida ziwani. Walikwenda kushuka tu, halafu wapande tena, halafu wasimulie mwaka mzima. Mimi nililipenda jipu kwa sababu yangu mwenyewe. Wageni wakija nyumbani nilikuwa najifungia humo na daftari langu, naandika, mpaka Mama anaita mara tatu. Hakuna chumba kilichonielewa kama kile.

Mwaka ule mambo yaliharibika mapema. Tata aliona ufa kwenye chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari lote. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akalipeleka jipu kwa fundi wa mageti aliyekuwa karibu, ufa ukazibwa kwa nusu saa, ukapakwa rangi, tukasahau. Wiki ile ile tukaenda Izigo kwenye harusi, tuna mikungu minne ya ndizi nyuma na shangazi wawili wanene. Tukapita shimo moja, kukasikika mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa, na jipu likakaa chini kwa nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa. Watu wa Izigo wakatoka kwenye migomba yao. “Mwalimu! Limepasuka lenyewe!” Tulivutwa na lori la mchanga mpaka mjini, Mama akiwa amekaa mbele na dereva wa lori, kilemba chake cha harusi kimejaa vumbi. Tulipofika alisema mara moja tu. “Baba Koku, litengeneze. Lakini likirudi tena kwa kuvutwa, kesho yake linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.” Mama hasemi kitu mara mbili. Usiku ule niliandika ukurasa mzima, na sikatai, nililia.

Ndipo tukafika kwa Ta Ishengoma, mzee mfupi mwenye mikono ya madoadoa ya cheche. Tata alikuja na mchoro. Alikuwa ameupima kwa rula, ameandika pembe na unene, na kila upande wa chasisi ameuchorea bamba nene kutoka mbele hadi nyuma. Kwetu wasomi wanaitwa nshomile, maana yake “nimesoma”, na anayeitwa hivyo hajui kama anasifiwa au anachekwa. Ta Ishengoma aliutazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena. “Waitu, jamani mwalimu, hili si gari, ni daraja. Ukilikakamaza hivi kama bwana harusi mbele ya askofu, litavunjika mahali pengine. Kwenye mawe gari linatakiwa lijikunje kidogo.” Tata akabisha. Akataja kanuni. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akachukua drili na kufanya jambo lililomfanya Tata apige kelele: alitoboa tundu palepale kwenye ncha ya ufa. “Unaongeza tundu kwenye ufa?” “Ufa unatembea, mwalimu. Unatembea kwa ncha yake. Ukikuta tundu la duara, haujui uelekee wapi, unalala. Yule wa mageti aliufunika ukiwa macho.” Methali ya ukuta nilikuwa nimeikariri tangu darasa la pili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kabla ya kuziba inabidi kwanza utoboe.

Baada ya hapo alikata vibamba vifupi, ncha zake zimechongoka kama jani la kahawa, kwa sababu bamba lililokatwa mraba, alisema, linaanzisha ufa mpya pembeni mwake. Alivichomelea sehemu dhaifu tu. Ili azijue sehemu hizo alipita na nyundo ndogo akigonga chasisi nzima. Chuma kizima kinalia ngii. Kilicholiwa na kutu kwa ndani kinasema pwa. Mimi nilikaa juu ya tairi nikisikiliza siku tatu, na kwa kuwa siongei, nadhani masikio yangu yalikuwa hayana kazi nyingine. Siku ya nne walipoingia ndani kula, nikachukua nyundo. Ngii, ngii, pwa, yote yalikuwa yameshatiwa alama. Lakini karibu na springi ya nyuma, kushoto, niligonga nikasikia kitu ambacho hakikuwa ngii wala pwa. Kilikuwa kama mtu anayekohoa akiwa amefunga mdomo. Nikarudia mara tano. Nilijua napaswa kusema, na nilijua kabisa kwamba sitasema. Koti la Tata lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa jipu, na mfuko wake haukosi chaki. Nikaandika kwenye chuma: HAPA PANALIA VIBAYA. Kisha nikakimbilia kwenye migomba.

Nikiwa huko nikawasikia. “Nani kaandika?” aliuliza Ta Ishengoma. Tata akanisaliti saa hiyohiyo. “Mwandiko huo naufahamu, hiyo V imelala kama mlevi.” Nikasikia brashi ya waya ikikwangua rangi, muda mrefu, halafu mzee akasema, “Mawe!”, ambayo kwetu ni kama “mama yangu!”, “Mwalimu, njoo uone.” Chini ya rangi palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mrefu kama kiganja, mahali ambapo wote wawili walikuwa wameshapita. Mzee akaita kuelekea kwenye migomba, “Koku! Toka huko, hakuna anayekula watu!” Nilipotoka, nimejaa majani, alimgeukia Tata. “Wewe umesoma vitabu. Huyu kasoma chuma. Nshomile ni huyu.” Sijawahi kupata cheti kinachofanana na hicho.

Agosti tukashuka. Mama alikuja, tena na kitenge cha kanisani. Alisema amekuja kushuhudia mazishi. Ta Ishengoma aliketi nyuma nami, nyundo mapajani. Katikati ya njia kuna mawe yaliyopangana kama ngazi, na hapo gurudumu moja lilinyanyuka hewani, jipu likaegama, na chini yetu chuma kikaanza kulalamika, nyiii, nyiii. Mama akashika dashibodi. “Linavunjika!” Na mimi, nisiyejua sauti ilitoka wapi, nikasema kwa nguvu, “Halivunjiki, Mama. Linajikunja.” Wote wakageuka kunitazama, hata Tata, ambaye kwa kweli alipaswa kutazama mawe. Gurudumu likashuka taratibu. Tukafika ziwani, tukala, tukapanda tena. Juu kabisa Ta Ishengoma akaingia uvunguni, akagonga kila kibamba, na kila kibamba kikajibu ngii. Tukamtazama Mama. Akajipangusa vumbi polepole, anavyojua yeye. “Kesho lipelekwe…” alianza, nami nikaushika mlango wa jipu, “…likaoshwe. Siwezi kupanda kitu kichafu hivi tena.”

Siku hizi magari mapya yana taa zinazosema kinachouma, na sehemu kubwa ya njia tunayopita kwenda Izigo ni laini kiasi kwamba unaweza kunywa chai safarini. Mimi bado darasani nanyoosha mkono nusu. Lakini nimekua katika nyumba ambayo jipu lipo, na anayeliendesha zaidi sasa ni Mama. Alijifunza kwenye njia ileile ya mawe, Tata akiwa pembeni amefumba macho. Likizo iliyopita wanunuzi wa chuma chakavu walipita getini na kipaza sauti chao, wakaliona, wakamuuliza Mama kama linauzwa. Mama akaweka ndoo chini. “Chuma chakavu hapa ni mwalimu peke yake,” akasema, “na yeye bado ninamtumia.”