Majina Arobaini na Moja Chini ya Mahudhurio

"Mimi, Mboni binti Nurdin, naogopa vitu viwili tu duniani: Mungu, na mende anayeruka. Mwajiri hayumo!"

Aliyasema hayo Mei Mosi, kwenye kipaza sauti, mbele ya wafagiaji wenzake wa halmashauri na wengine waliofuata kivuli cha turubai. Vigelegele vikapigwa. Akashuka jukwaani magoti yanagongana, lakini dera ni vazi lenye siri, hakuna aliyeona.

Miaka kumi na nne Mboni alikuwa akifagia Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na kuzibua mitaro yake. Juu ya hapo alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, cheo alichopewa kwa kura zote kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Mwezi Agosti barua ikabandikwa kwenye banda lao la kazi, kata ya Gerezani: kuanzia tarehe mosi, kati ya wafagiaji arobaini na mmoja watabaki kumi na watano, na mitaro itazibuliwa mara moja kwa mwezi. Aliyewahi kuiona Kariakoo ikinyeshewa nusu saa tu anajua maana yake. Unanunua sufuria dukani huku nyingine inakupita miguuni, inaelea.

Chama kilitaka barua ya malalamiko yenye sahihi za wote kabla ya Ijumaa. Shida ni kwamba kila mmoja aliona akionekana akinong'ona na Mboni atakuwa wa kwanza kupunguzwa. Wakimwona wanavuka barabara, utadhani ana surua.

Basi akatumia akili. Kila asubuhi wafagiaji husaini mahudhurio kwenye ubao wa kibanio uliotundikwa msumarini, ndipo wachukue fagio. Mboni akaibana karatasi ya malalamiko chini ya ile ya mahudhurio. Unasaini ya juu, unainua kidogo, unasaini ya chini, unapiga miayo, unaondoka. Siku tatu, majina arobaini na moja yakatimia.

Ila Alhamisi ile ilikuwa tarehe ishirini na tano, na kila tarehe ishirini na tano msimamizi wao, Ignasi, huwahisha mahudhurio ofisini kwa ajili ya mishahara. Mboni alilijua hilo kama anavyolijua jina la mwanawe, Shadya. Hofu ilimsahaulisha. Alipotoka mtaroni saa mbili asubuhi kuja kuichomoa ile karatasi ya malalamiko, akakuta kibanio kitupu.

"Kaka Ignasi kaondoka nazo zote," alisema Tatu, mkono mdomoni. Tatu alikuwa mdogo kuliko wote bandani, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. "Da Mboni, mimi niko namba ngapi?"

"Ya nne."

"Mamaa! Na nimeandika namba ya simu."

"Nani alikwambia uandike simu?"

"Si kulikuwa na nafasi!"

Mboni hakungoja asikie zaidi. Akatoka mbio, buti za mpira zinampiga ugoko. Wachuuzi wakampisha. "Mwizi kapita wapi, mama?" mmoja akamuuliza. Angemjibu nini? Aliyekuwa anakwenda kuiba ni yeye.

Ignasi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, faili magotini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, Mama Shadya? Malaria?"

"Nipe faili nirekebishe sahihi yangu ya jana."

Ignasi akalifungua taratibu, akaisogeza karatasi ya juu kwa kidole. Alikuwa ameshaiona ya chini.

"Hii ikiingia humo ndani, hawabaki kumi na watano, habaki mtu," alisema. "Isipoingia, na kesho chama kikaitoa, nitaulizwa ilipitaje mbele ya macho yangu. Na mimi mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, ndugu yangu."

Mlango ukafunguka. "Ignasi! Lete mahudhurio!"

Wote wawili waliruka. Mate ya kumeza yalikuwa yamegoma mdomoni mwa Mboni, tena bila kibali cha chama.

"Niachie jina moja," Ignasi akanong'ona. "Niseme nimekukamata."

Mboni alimfikiria Tatu, na ile namba ya simu. Akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya maoni, chini ya mahudhurio, akaandika: *Mboni Nurdin anakusanya sahihi kupinga watu kupunguzwa. Nimemkataza.*

"Hapo penye 'nimemkataza' weka sahihi yako," akamwambia.

Ignasi akaweka. Mboni akaikunja ile ya chini, akaitia ndani ya buti.

Kabla ya adhuhuri ilikuwa mikononi mwa chama. Jumatatu akapewa barua ya kuachishwa kazi, akarudisha kizibao, buti na ufagio. Upunguzaji umesimamishwa mpaka shauri lililofunguliwa na chama lisikilizwe. Wenzake arobaini bado wanasaini kila asubuhi, na Tatu amejifungulia kwenye likizo yenye mshahara. Lakini hakuna anayejua shauri litaamuliwaje, na simu ikiita kwa namba asiyoijua, Mboni huitazama tu mpaka inyamaze. Ile orodha ya Mei Mosi, ya vitu anavyoviogopa, imeongezeka, hajaitangaza.

Mzee Tulsidas wa duka la vitambaa alimwita. "Mama, utafagia mbele yangu na kwa jirani wawili. Lakini ufagio uje nao wewe."

Ufagio wa chelewa wenye mpini, Kariakoo, ni shilingi elfu tatu; Mboni akazitoa.