Siku Niliyopiga Bongo Peke Yangu

Mwalimu wetu, Mkyuba anayepiga gitaa hotelini Bustan, huja kwetu Sib kila Ijumaa alasiri kutufundisha muziki wa kwao. Tuko wanne, mimi napiga bongo, zile ngoma mbili ndogo zinazobanwa magotini. Kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kushika mdundo tu, wengine wapambe.

Ijumaa moja mwalimu alimaliza kupiga peke yake, akanigeukia ghafla.

"Sasa wewe!" akasema kwa Kiarabu chake cha kuombea maji.

Nikaanza kwa woga, nikakosea, lakini wenzangu hawakuniacha. Mmoja wao aliendelea kugonga palepale vijiti viwili vya kuhesabia mapigo, nikajua pa kurudi. Vidole vikafunguka, nikapiga nilivyokuwa sijawahi kupiga.

Bibi, aliyekuwa jikoni akikaanga katlesi, akatokea mlangoni na kijiko mkononi.

"Nani huyo anayepiga?"

"Mie, Bibi!"

"Basi usisimame!"

Mwalimu akatuashiria, sote tukaingia kwenye kiitikio. Bibi naye akaitikia kwa sauti kubwa, wala Kihispania hajui hata neno moja.